Mtungi wa Mama Uliokaa Miezi Mitano

Kifua cha mama kilipoanza kupiga filimbi, daktari alituambia mambo mengi kuhusu mapafu ambayo sikuyashika, na moja ambalo nililishika vizuri: asipike tena kwa kuni. Moshi ndio uliokuwa unammaliza. Akiuacha, alisema daktari, anaweza kukaa nasi miaka mingi tu. Mama alikuwa kwenye benchi, mikono juu ya mapaja, akiitikia kila neno kwa heshima, kama vile anayesemwa ni mtu mwingine.

Alikuwa amepikia kuni na miti ya pamba tangu usichana wake. Kwetu Samuye, pamba ikishavunwa, miti yake inang'olewa, inaanikwa, inarundikwa nyuma ya nyumba, na hapo mtu ana moto wa miezi kadhaa bila kumwomba yeyote. Inashika haraka, na moshi wake unachoma macho. Jiko la mama ni kibanda cha udongo chenye mlango mmoja na kidirisha ambacho sahani ingetosha kukiziba. Ukiingia umevaa nguo nyeupe unatoka nayo ya kijivu.

Mume wangu ndiye aliyenunua mtungi wa gesi. Tunaishi Runzewe, mimi nafundisha hesabu shule ya msingi, yeye anaendesha lori la mchele, na karibu kila mwezi anapita Shinyanga. Alinunua mtungi mdogo, ule ambao jiko lake linafungwa juu yake, akaufunga kamba kwenye lori na kuupeleka mwenyewe. Nilimsifu siku ile, na mimi si mwepesi wa kusifu.

Hapa lazima nieleze jinsi mama alivyokuwa na mkwe wake. Kwa Wasukuma wa umri wake, mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hawali chombo kimoja, hawataniani, na jambo la aibu la mmoja halifiki masikioni mwa mwingine. Mume wangu akifika, mama alikuwa anaingia ndani na kuitikia shikamoo yake akiwa nyuma ya mlango. Mume wangu mwenyewe ni Msumbwa wa huku Bukombe tunakoishi, anaijua heshima hiyo. Aliuweka mtungi kwenye kizingiti cha jiko, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaeleza namna ya kuuwasha huku macho yake yakiwa kwa ng'ombe wa jirani. Mama akajifunza kuwasha gesi kwa kusikiliza tu kutoka ndani. Nilipohadithiwa nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ugomvi wa gesi na umeme ulianza kati yangu na dada yangu. Yeye yuko Mwadui, mumewe anafanya kazi mgodini, na anapikia jiko la umeme la sahani mbili. Kila tukiongea kwenye simu alikuwa ananiambia natupa hela, umeme ni nafuu, yeye anasoma uniti kwenye luku kabla ya kubandika maharage na baada ya kuepua, na anajua sufuria moja imekula kiasi gani. Nami sikubali kushindwa kwenye hesabu. Nikachukua kalenda ya zamani ya shule, nikageuza nyuma, nikachora jedwali. Kwangu watu sita, kwake watu watano, kwa mama mtu mmoja. Siku mtungi ulipofungwa, siku ulipoisha. Wiki hii uniti ngapi. Jedwali nililibandika jikoni kwangu, na wageni walilisoma wakisubiri chai.

Mtungi wetu wa kwanza niliouandika, mdogo kama wa mama, ulikaa siku ishirini na sita. Lakini sikuandika, na wala dada sikumwambia, kwamba maharage na makande nilikuwa nayachemshia mkaa, na maji ya kuoga vilevile. Gesi yangu ilikuwa ya chai, mboga na wali. Mwanafunzi akiniletea jibu la namna hiyo namchorea mkasi wa kosa.

Mtungi wa mama ulikaa siku ishirini na nne. Yeye alitii alichoambiwa na daktari. Kila kitu alipikia gesi: ugali, maharage, makande yanayotokota nusu siku, maji ya kuoga kwa sababu kifua hakitaki baridi. Mwezi ule, nakumbuka vizuri, sauti yake kwenye simu ilikuwa imeanza kusafika. Alikuwa anamaliza sentensi bila kupumzika katikati.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kula. Nilimpigia mama, nikaweka simu sauti ya juu mezani ili watoto wamsalimie bibi yao. Wakamsalimia. Kisha nikaingiza utani wangu, ule wa mwalimu aliyepata darasa.

"Mayu, unapika nini huko? Mtu mmoja unamaliza mtungi kabla yetu watu sita!"

Watoto wakacheka. Mume wangu naye akacheka, akasema kwa sauti, bila ubaya wowote, kwamba nimwache mama apike, mtungi mwingine ataupeleka.

"Mkwe yupo hapo?" mama akauliza.

Nikamjibu yupo, anakusikia. Akasema, "Wabeja," akimaanisha asante, na simu ikakatika. Nilifikiri salio limekwisha. Kwa nini nilifikiri salio, na mimi ndiye niliyempigia, hilo nimejiuliza mara nyingi.

Mume wangu alipeleka mtungi uliojaa wiki ile ile, akarudi na ule mtupu. Huo wa pili ulikaa miezi miwili. Wa tatu nilipouliza miezi mitatu baadaye nikaambiwa bado upo, na mwezi wa nne pia bado upo. Wa tatu huo ulikaa miezi mitano. Niliandika kwenye jedwali kwa kalamu nyekundu na kupiga mstari chini yake. Nilimpigia dada kumwambia kwamba tuache kubishana, mshindi ni mama, tena hajasoma hata darasa la nne. Dada akasema labda mama hali vizuri. Nikamwambia ana wivu. Jirani yangu wa Runzewe aliyekuwa analalamika kwamba gesi inamfilisi nilimpeleka mbele ya lile jedwali, nikamwonyesha kwa kidole. Na mama mwenyewe nilikuwa namwambia kila nikimpigia: wewe ndiye bingwa wetu, hata mkwe wako anashangaa. Yeye alikuwa anacheka kidogo, kisha anakohoa.

Likizo nilienda kumwona. Alinipikia wali kwa gesi, moto wa buluu umetulia, na mimi nimekaa kwenye kigoda mlangoni nikijiona nimemwokoa mzazi wangu. Sufuria zake zilikuwa zinang'aa chini kama mpya. Nikamsifu. Akasema gesi haina masizi. Kitenge chake kilinuka moshi, nikamuuliza, akasema watu wanachoma mashamba. Ilikuwa kweli walikuwa wanachoma mashamba. Nyuma ya nyumba rundo la miti ya pamba lilikuwa fupi kuliko nilivyolizoea, nami nikasema moyoni kwamba afadhali, ameligawa.

Kifua kilizidi. Tukarudi hospitali, dada kutoka Mwadui na mimi kutoka Runzewe, tukamshika mama huku na huku. Daktari alikuwa yule yule. Alisikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, akauliza kama bado anapikia kuni.

"Hapana, daktari," nikasema mimi. "Mwaka wa pili huu ni gesi tupu. Nina jedwali lake."

Na kweli nililitoa kwenye simu, nilikuwa nimelipiga picha. Akaliangalia. Kisha akafanya lililo haki, akamgeukia mama na kumuuliza mwenyewe. Mama aliniangalia, akaiangalia sakafu.

"Mwalimu ameshasema," akajibu.

Basi daktari akaanza kutafuta kitu kingine. Ikawa vipimo vya makohozi, picha ya kifua, dawa za hiki, dawa za kile, rudini baada ya wiki mbili. Mama alimeza zote bila kuuliza ni za nini. Nilikasirika na hospitali, nilikasirika na dawa, nilisema maneno mabaya ndani ya gari njia nzima kwamba hawa hawajui kazi. Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele, dirisha limefunguliwa, anatafuta hewa.

Alifariki wakati wa mvua, siku ambayo dada alikuwa amefika kumwogesha. Sitaandika mengi kuhusu siku hiyo. Dada anasema aliomba aketishwe, akaketishwa, na hakuomba kingine.

Msibani wanawake walijaa uani. Waliinjika masufuria makubwa nje kwenye mafiga, lakini mvua ikaanza, moto ukawa unakufa, na wazee walikuwa bado hawajapata chai. Nikasema waingie kwa mama wakawashe gesi. Jirani yake, mama wa makamo ambaye walikuwa wanachota maji pamoja miaka yote, akanishika mkono mbele ya mlango wa jiko.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "ile ni ya wageni."

Nikamuuliza wageni gani. Akasema wageni wote: katekista, watoto wenu, wewe. Nikamwambia hapana, mama alikuwa anapikia gesi, tuna hesabu zake. Yule mama hakubishana nami. Aliniingiza ndani tu. Kwenye kona, nyuma ya gunia, mafiga matatu yalikuwa na majivu mapya, na pembeni yake sufuria mbili nyeusi chini kama makaa. Zile za kung'aa zilikuwa zimening'inizwa ukutani. Akanieleza taratibu, akitazama mlango asije mtu akasikia. Kila tulipotuma habari kwamba tunakuja, mama alikuwa anasugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka vidole vinachubuka, na yeye alikuwa anamsaidia. Mafiga yalifunikwa gunia. Alikuwa amemwambia mama mara nyingi aache kuni, apikie gesi, kifua kitamuua.

Nikamuuliza mama alikuwa anajibu nini.

"Alisema mkwe wake amesikia kwamba anakula gesi kuliko watu sita. Alisema ataweka wapi uso wake."

Nililia pale kwa sauti ambayo wanawake wa nje walidhani ni ya msiba tu. Sikumweleza mtu. Mume wangu alikuwa kwenye viti vya wanaume, amekunja mikono, macho mekundu, na mtungi ule ulikuwa umetoka kwenye bega lake. Ningemwambia nini, kwamba kicheko chake cha Jumapili kilimfikia mama? Kicheko kilikuwa chake, lakini maneno yalikuwa yangu. Yeye alisema mwache mama apike. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba katika meza ile nzima yeye peke yake ndiye aliyesema sawa, na ndiye ambaye mama alimwonea haya.

Dada nilimwambia baada ya arobaini. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anitukane, anikumbushe kwamba alisema mama hali vizuri, na ningefurahi angefanya hivyo. Aliniuliza tu kama jedwali bado lipo ukutani. Nikasema nimelitoa. Akasema na yeye ameacha kusoma luku.

Vyombo vya mama tuligawana. Mimi nilipewa mtungi, kwa kuwa ulitoka kwangu. Niliubeba mwenyewe hadi kwenye lori, sikutaka mume wangu auguse, na ulikuwa mzito. Runzewe niliuweka jikoni wiki kadhaa bila kuugusa. Watoto wakaambiwa wasiliwashe jiko lile, nao hawakuuliza sababu, maana nilikuwa mkali siku zile kwa kila mtu.

Kisha gesi yetu ikaisha Jumamosi asubuhi, ugali wa watoto ukiwa bado uji. Mkaa ulikuwa umeloa. Nikauvuta mtungi wa mama, nikageuza ufunguo, nikawasha. Moto wa buluu ukashika mara moja. Tangu siku hiyo nikapikia huo kila kitu, chai, ugali, maharage, makande, maji ya kuoga, bila mkaa hata kipande kimoja, kama alivyopika yeye mwezi ule wa kwanza alipomsikiliza daktari. Sikuandika popote, lakini mtu aliyezoea kuhesabu hawezi kuacha. Ulikaa siku kumi na moja, kwa watu sita.

Nikafanya hesabu, sikujizuia. Kwa mtu mmoja mgonjwa, anayechemsha makande yake na maji yake, gesi aliyoiacha ingetosha wiki tatu kamili, na alikuwa nayo ndani ya nyumba, hatua moja kutoka kwenye mafiga, siku zote alipokuwa anapuliza miti ya pamba.

Mume wangu aliingia akanikuta nimesimama mbele ya jiko lililozimika. Akauliza kama akabadilishe mtungi. Nikamwambia ndiyo, akabadilishe. Akauinua kwa mkono mmoja, maana sasa ulikuwa mwepesi, akatoka nao.