Marahaba Kumi na Mbili kwa Baba Mkwe

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu mtaa wetu mzima wa Mtendeni wanaijua, na wao wakisimulia wanatia chumvi.

Mimi ni fundi kompyuta, na uvivu wangu nimeusomea. Nyumbani nina programu ya kuchati, maandishi matupu kwenye kioo cheusi, ambayo hata nikiwa mbali naiendesha kwa kuiandikia amri kutoka kwenye simu. Sasa watoto wa dada yangu wako sita, kila asubuhi wananitumia shikamoo kwenye kundi letu na kila mmoja anataka marahaba yake, nikaona wananichosha, nikatunga amri moja ya kutoa marahaba sita kwa mpigo.

Siku moja nikiwa kazini Goweko, mbali na nyumbani, nikaituma. Kimya. Nikadhani haijafika, nikarudia (kumbe amri ikifanya kazi haisemi kitu, na mimi ndiye fundi). Tena nilisahau kuwa programu hupeleka maneno kwenye mazungumzo yaliyoachwa wazi, na asubuhi niliyaacha ya Mzee Nassoro, baba yake Zuhura, msichana ambaye Ijumaa ya wiki ile nilikuwa naenda kumposa.

Zuhura akapiga simu. "We, umemfanya nini baba? Anauliza umezaliwa mwaka gani."

Ijumaa nikaenda na wazee wangu, nimeshajiona nimemkosa Zuhura kwa uvivu wa kidole. Mzee Nassoro hata kahawa hakugusa.

"Kijana, umeniitikia mara kumi na mbili. Mimi nilikuamkia lini?"

Nikaanza kueleza habari za amri na kioo cheusi, nikazidi kujichimbia, mpaka mjomba wangu akanikanyaga mguu.

"Basi hizo shikamoo nipe wewe," akasema mzee.

Nikasimama mbele ya koo mbili nikazitoa moja moja, yeye anahesabu kwa vidole, kufika ya saba shangazi zake Zuhura wamejiziba midomo kwa ushungi wakicheka, ya kumi na moja nacheka hata mimi, na baada ya ya mwisho akaniacha nimesimama vilevile.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kaa, tuzungumze mahari."

Nilifurahi nusura nilie. Amri ile nimeifuta, na salamu ya mtu naipeleka kwa miguu yangu, maana hata leo nikipita barazani kwake bila kusimama, baba mkwe ananipigia kuuliza kama nimetuma mashine.