Msumeno Kwenye Ua

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani, na hata akiwa bustanini futi ya kupimia huning'inia shingoni. Hupogoa maua kama anavyokata shingo ya gauni: mkono hautetereki, wala harudii. Anayapenda yale yasiyopandwa upya kila msimu, yanayolala kiangazi na kuamka kwenye shina lilelile.

"Mgeni wa msimu mmoja simtaki," husema. "Nataka anayejua njia ya kurudi."

La kwanza kabisa, la njano lenye moyo mweusi, alilichimba nyumbani kwa bibi wiki ile nyumba ilipouzwa. Hakuchukua kitu kingine. Lilichanua miaka na miaka kwenye kivuli cha ua wa mbao, nyuma ya nyumba yake. Kisha likaacha. Shina lilianza kuoza katikati, na dawa yake aliijua: kulikata mpaka chini, kuling'oa na kuligawa kabla ya mvua. Lakini alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho, na daktari alimkataza kuinama.

Basi akamtumia shemeji yake, seremala, ujumbe wa simu: "Shemeji, njoo ukate ua nyuma. Mpaka chini, usilionee huruma."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake tuliposikia msumeno.

"Msumeno?" Akainuka. "Kwa ua?"

Tulimkuta seremala anajifuta jasho, ameridhika. Upande mzima wa mbao ulikuwa chini.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimekata ua. Sikuuonea huruma."

"Nilisema usilionee! Usi-li-onee! Ingekuwa ua wa mbao ningesema usiuonee!"

"Mimi seremala, shemeji. Ukitaka sarufi, muite mwalimu."

Alicheka mpaka akashika bandeji ya jicho. Kisha akalitazama shina, akatazama mawingu. "Haya, pigeni magoti."

Tulichimba, naye akituongoza kwa jicho moja. "Kata hapo. Hapana, nyuma ya kichipukizi. Hiyo iliyooza tupa." Seremala akasita, kisu mkononi.

"Mbao ngumu huziogopi, unaogopa jani?"

"Mbao imeshakufa, shemeji. Hili liko hai."

Mama mdogo akamwelekeza kisu kwa kidole. "Ndiyo maana tunalikata," akasema.

Vipande tulivipanda palepale uliposimama ua, ambapo sasa jua la asubuhi lilifika. Majani yalikuja, maua hayakuja. Kila siku, kabla ya kukalia cherehani, alipita akiyagusa majani kwa kidole kama anayekagua pindo. Hakulalamika. Nadhani alikuwa akijiandaa kufiwa na mama yake mara ya pili.

Mvua zilipokwisha, seremala aliporudi na mbao mpya za kulipia kosa lake, alimkuta mama mdogo amesimama nyuma ya nyumba, bandeji imeshatoka, macho yote mawili yanameremeta.

"Rudisha mbao zako, shemeji. Ua lipo."

"Ua upi? La 'li' au wa 'u'?"

Mama mdogo akapitisha kiganja juu ya vichwa vya njano, vilivyojipanga kutoka kona hadi kona, vimemfika kiunoni.

"Hilihili."