Habari ya Mwenzako

Mwalimu Letisia Hhando ana sheria moja ambayo hajaibandika ukutani, lakini kila mzazi wa kijijini anaijua: mtoto hapandi kwenda Darasa la Pili mpaka asome habari ya mwenzake, na mwenzake akubali kwamba ndivyo.

Anafundisha Darasa la Kwanza katika shule moja ya kata ya Nambis, wilaya ya Mbulu. Ni shule ya vyumba saba, ambako ukungu huingia madirishani na kukaa na watoto mpaka saa nne asubuhi. Letisia alizaliwa kijiji cha pili kutoka hapo. Alipomaliza stashahada ya ualimu aliomba apangiwe nyumbani, na kwa miaka kumi na moja sasa amekuwa akifika saa moja kasorobo na kufagia darasa pamoja na watoto, kwa kuwa haoni kwa nini vumbi liwe la watoto peke yao.

Sheria yake ilianzia kwa mtoto aitwaye Yoakimu. Katika mwaka wake wa pili kazini, Letisia alimsimamisha Yoakimu asome kitabu. Mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukosea, akafungua ukurasa uliofuata, akasoma nao mpaka mwisho. Ukurasa huo ulikuwa umechanwa zamani. Yoakimu alikuwa anatazama picha ya hadithi nyingine kabisa, huku mdomo unatiririsha maneno ya ukurasa ambao haupo.

Watoto wa kwetu wengi huongea Kiiraqw nyumbani, na Kiswahili cha kitabu wanakutana nacho shuleni. Wanakishika kwa sikio, kama wanavyoshika nyimbo za kanisani. Mwalimu mvivu husikia wimbo huo, akafurahi, akaandika kwamba darasa lake linasoma. Walimu wa namna hiyo wapo, tusifichane. Watoto wao hufika Darasa la Sita hawawezi kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa ya mifugo, na baba anayewatuma dukani ndiye anayezika ndama.

Letisia hakutaka kuwa mwalimu wa namna hiyo. Akatafuta njia ambayo mtoto hawezi kuikariri. Kila mwaka, wiki mbili za mwisho wa Novemba, humwita mtoto mmoja mmoja mlangoni, na mtoto humnong'oneza jambo lililotokea kwao jana au juzi. Letisia huliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi. Kipande hicho hupewa mtoto mwingine akisome mbele ya darasa, na mwenye habari husimama kando yake. Akisomewa sawasawa, husema, "Ndiyo." Akisomewa vingine, husema, "Siyo." Mtoto wa miaka saba hawezi kunyamaza mtu anapokosea habari za kwao. Hakuna mkaguzi aliye mkali kuliko yeye.

Anayeshindwa hupewa kipande kingine, na kingine tena. Akishindwa vyote vitatu, mzazi huitwa kwa barua. Letisia humweleza kwamba mtoto hajapotea, ila amechelewa, na kwamba ni afadhali akae mwaka mwingine kuliko kupelekwa mbele akiwa mtupu. Mzazi akikubali, husaini. Katika miaka saba ya kwanza ya sheria hiyo watoto kumi na wanane walirudia darasa. Mmoja wao alikuwa Patriki, mtoto wa jirani yake Judica, ambaye shamba lake la maharage linapakana na la Letisia. Judica alisaini huku analia, na kwa miezi mitatu hakumsalimu.

Kisha ukafika mwaka ambao Odilia, binti wa pekee wa Letisia na mumewe Onesphory, alikaa Darasa la Kwanza kwa mama yake.

Odilia alikuwa mtoto wa kuonyeshwa wageni. Kiswahili chake kilikuwa safi, kwa sababu nyumbani mama yake aliongea naye Kiswahili. Alipotumwa kuongoza wenzake kusoma ubaoni, fimbo mkononi, alikuwa anawahi maneno kabla hata fimbo haijafika. Afisa mmoja aliyepita shuleni mwezi wa Tano alimsikiliza, akasema mtoto huyu angeweza kusoma taarifa ya habari redioni. Mama yake alicheka. Alikuwa na watoto sitini na watatu darasani, na sitini na wawili kati yao walikuwa wanamnyima raha. Huyu mmoja hakumtazama tena.

Siku ya kusoma vipande, Novemba, Odilia alipewa kipande chenye habari ya Kasian, mtoto mdogo mwenye sweta la kaka yake. Kilikuwa kimeandikwa: Kuku wetu ametaga ndani ya kiatu cha babu.

Odilia akakishika kwa mikono miwili, akainua kichwa. "Jana mama alikwenda sokoni. Alinunua nyanya na vitunguu. Akarudi nyumbani."

Kasian akamtazama mwalimu. "Siyo."

"Msikilize vizuri," Letisia akasema.

"Nimemsikiliza. Siyo, mwalimu. Huyu anasema za kwao. Sisi nyanya hatujanunua."

Darasa likacheka. Letisia akampa kipande cha pili, habari ya Julius, ambaye babu yake aliteleza kwenye tope akaanza kujicheka mwenyewe. Odilia hakukitazama sana kipande. Alimtazama Julius usoni, kama mtu anayebahatisha.

"Ng'ombe wetu amezaa," akasema.

"Amezaa mwaka juzi," Julius akamjibu. "Na wewe ulikuja kuona."

Kwa kipande cha tatu, Odilia hakumtazama mwenye habari wala boksi. Alimtazama mama yake mdomoni, akasubiri.

Hapo Letisia akaelewa yote. Ana tabia, na walimu wengi wa madarasa ya chini wanayo, ya kuchezesha midomo wakati mtoto anasoma. Na jioni, jikoni kwake, huandaa somo la kesho kwa sauti huku anageuza ugali, na Odilia yupo hapo hapo anachambua maharage. Mtoto alikuwa anakuja darasani kila asubuhi somo lote liko kichwani, na lilipomtoka, alilichuma kwenye mdomo wa mama yake. Mwaka mzima hakuhitaji herufi hata moja. Kosa halikuwa la mtoto. Lilikuwa la mama aliyekagua watoto wa wenzake sitini na wawili, akamsamehe wa kwake kabla hajamkagua.

Letisia akafunga midomo yake. Odilia akasubiri mpaka machozi yakaanza, kisha akarudishwa kukaa.

Mchana ule Mwalimu Mkuu, Mwalimu Wilbard, mtu mwema kutoka Kagera ambaye hapendi kelele, alimwita ofisini.

"Mwalimu Letisia, mtoto yule anaongea Kiswahili kunishinda mimi."

"Kuongea anaongea, mkuu. Kusoma hasomi."

"Sawa. Desemba nzima unaye nyumbani. Mwandikie anasoma, umfundishe likizo, Januari awe anasoma kweli. Nani atajua?"

"Kasian atajua."

"Kasian ana miaka saba, mwalimu."

"Ndiyo, mkuu. Na kuku ni wa kwao."

Mwalimu Wilbard akavua miwani akaifuta. "Sasa barua ya kumwita mzazi utamwandikia nani? Utajiita mwenyewe, uje ujieleze?"

"Baba yake yupo," Letisia akasema.

Habari ilifika kijijini kabla yake. Jioni Judica alikuwa amesimama mpakani mwa shamba na jembe lake, na safari hii alimsalimu wa kwanza.

"Habari za kazi, mama Odilia. Nasikia na wa kwako amesemewa siyo."

"Ni kweli."

"Atapanda?"

"Hapandi."

Judica akamkagua usoni. Nadhani alikuja akitaka kumkuta mwongo, na hilo lingempunguzia uchungu wa miaka miwili. "Wa kwangu uliniambia mwaka mmoja si kitu," akasema. "Haya. Sasa utaona kama si kitu." Akarudi kwenye maharage yake.

Nyumbani Onesphory alikuwa anapiga randa mbao za mlango alioagizwa na mtu wa Dongobesh. Ni seremala, mtu wa maneno machache, na hayo machache huyapima kama mbao. Alimsikiliza mkewe bila kuinua randa.

"Watu watasema mwalimu ameshindwa kumfundisha wa kwake."

"Watasema kweli."

"Nawe utakaa unasikia."

"Nitasikia."

Onesphory akapuliza vumbi la mbao. "Wazazi wengine unawaita kwa barua. Mimi unaniambia kwenye vumbi la randa. Niite na mimi."

Kesho yake Letisia akaandika barua kwa mkono wake, yenye maneno yale yale aliyowaandikia wazazi kumi na wanane: Ndugu Mzazi, unaombwa kufika shuleni siku ya Ijumaa saa nne kamili asubuhi. Onesphory alifika saa nne kasoro dakika kumi, amevaa koti la kanisani. Akamwamkia Mwalimu Mkuu, akakaa kwenye benchi la wazazi, akamwambia mkewe, "Mwalimu, nimekuja."

Letisia alimweleza kama alivyowaeleza wengine. Kwamba mtoto hajapotea, ila amechelewa. Kwamba herufi anazijua chache, silabi hazijui, na anaishi kwa sikio na kwa macho. Kwamba akipanda atakaa Darasa la Pili anabahatisha, na atakayempokea hatakuwa na muda wa kumrudisha nyuma.

"Nimeelewa," Onesphory akasema. "Nitasaini. Lakini Odilia harudii hapa."

"Kwa nini, mzee?" Mwalimu Wilbard akauliza.

"Si aibu, mkuu. Aibu itaisha. Ninauliza hivi: akirudia hapa, atafundishwa na nani?"

Mwalimu wa Darasa la Kwanza alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameketi mbele yake.

"Atakusoma mdomo tena," Onesphory akamwambia mkewe. "Ukiufunga mdomo, atakusoma macho. Ni mwanao, anakujua. Atakwenda Katesh kwa dada yangu Evelyne, kwa mwalimu asiyemjua."

Letisia angeweza kukataa. Angeweza kusema, kama mama yeyote, kwamba mtoto wa miaka saba hapelekwi kulala kwa shangazi. Alitafuta jibu la kimwalimu la kumpinga mumewe, akalikosa, kwa sababu Onesphory alikuwa amesema kweli, na aliisema kwenye benchi lile lile ambapo Letisia huwaambia wenzake kweli. Akamsogezea karatasi. Onesphory akasaini. Kisha Letisia naye akasaini chini yake, upande wa mzazi, halafu juu, upande wa mwalimu.

Wapo walioita jambo hili ukatili, wengine wakiwa walimu. Wanasema mwalimu mwenye mtoto wake anaruhusiwa kulegeza kidogo. Mimi ninawauliza: wangemwambia nini Judica? Sheria inayomlinda mtoto wa mwalimu na kumkamata mtoto wa mkulima si sheria, ni ujanja, na watoto wanaliona hilo mapema kuliko sisi. Kasian na Julius walilijua siku ile ile. Walifundishwa mengi mwaka ule, kusoma, kuandika na kuhesabu, na walifundishwa pia kwamba neno lao "siyo" lina uzito hata mbele ya binti wa mwalimu. Sijui somo jingine la thamani hiyo linalotolewa kwa mtoto wa miaka saba katika wilaya yetu.

Januari, Letisia alimpeleka Odilia mwenyewe, kwa basi la asubuhi mpaka Babati, na la mchana mpaka Katesh. Siku iliyofuata akamfikisha darasani, ambako watoto walikuwa wengi kuliko Nambis, na mwalimu alikuwa kijana ambaye hakuuliza habari zao. Letisia hakumwambia kwamba yeye ni mwalimu. Alisema tu kwamba mtoto hajui kusoma, aanzie mwanzo. Odilia alimshika gauni mpaka kengele ilipogongwa, akaachia.

Mwezi wa Tano simu ya Letisia iliita akiwa anasahihisha madaftari. Alikuwa Odilia, kwa simu ya shangazi, anataka kusoma. Akasoma polepole, silabi kwa silabi, bila ule mtiririko wake wa zamani, maandishi ya kwenye mfuko wa mbegu za mahindi: aina ya mbegu, uzito, na onyo kwamba zimewekwa dawa zisiliwe. Alipomaliza, mama yake akamwambia ampe shangazi simu.

"Wifi, ndivyo palivyoandikwa?"

"Ndivyo, wifi," Evelyne akasema. "Neno kwa neno. Na mimi sijafungua mdomo."

Letisia akashukuru, akaomba apewe mtoto tena, akamwambia amesoma vizuri.

Odilia amebaki Katesh, kwa kuwa alizoea na anafanya vizuri. Sasa yuko Darasa la Tatu, na huja Nambis likizo ya Juni na ya Desemba. Letisia bado yuko Darasa la Kwanza, na vipande vya boksi bado vinaandikwa kila Novemba. Amewafundisha kusoma watoto zaidi ya mia tano wa watu wengine. Wa kwake alifundishwa na mtu mwingine, akalelewa miaka hiyo na mwanamke mwingine, na siku aliyosoma kwa mara ya kwanza mama yake hakuwepo kumwona.