Mkondo wa Maji Umehamishiwa kwa Shangazi

Wapimaji walikuja wakati bonde letu lilipokuwa kavu kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka, na waliolikausha ni sisi wenyewe. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia mambo haya watu huwahi kuilaumu halmashauri. Nami nitailaumu, tena sana, lakini si kabla sijasema yaliyo yetu.

Bonde lenyewe liko ukingoni mwa mji wa Iringa, chini ya mteremko wenye nyumba za tofali za kuchoma. Mvua zikiisha, kila familia hushuka na majembe kulima vinyungu. Ni matuta mapana yanayoinuliwa kutoka kwenye tope la bondeni. Juu unapanda maharage, njegere na mahindi ya kuchoma, na katikati ya matuta maji yanabaki yakinywesha mizizi. Kiangazi kizima tunalima bila kubeba ndoo, wakati wenzetu wa Ilula wanapigana na pampu kwenye nyanya zao. Mvua zikirudi tunapanda juu na kuyaachia maji nafasi yake. Hakuna aliyewahi kujenga pale. Hata kwenye ramani ya mji palipakwa rangi ya buluu na kuandikwa kuwa ni mkondo wa maji.

Katikati ya bonde unapita mfereji mkuu, na kila familia ina kipande chake, kilichopimwa zamani kwa mipini ya majembe. Ukiacha chako kizibe, kinyungu cha jirani kinaoza, na utaambiwa mbele za watu. Tena iko desturi nyingine. Mgeni wa heshima akitarajiwa, iwe kwa posa au kwa msiba, mfereji wote unafunguliwa na kusafishwa siku mbili kabla, maji yanakimbia, tope linashika, mgeni anapita na viatu vyake safi. Mwenye kinyungu ambacho mgeni ametoka na tope la kifundoni huchekwa mpaka msimu unaofuata.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye mwenye nyumba ya mwisho kabla ya bonde. Mume wake alikichagua kiwanja kwa kuangalia matete. Yanapokoma matete, alisema, ndipo maji yanapokoma. Akahesabu hatua thelathini kwenda juu, ndipo akachimba msingi. Nimekula kwenye nyumba ile tangu sijaota meno ya ukubwani, na sikuwahi kuona maji ya bonde yakigusa hata uzio wake. Mume wake amezikwa pale, nyuma ya jiko. Shangazi ana zaidi ya miaka sabini na hataki kitu kingine duniani ila kufia pale naye alazwe pembeni yake. Hilo ndilo lililo hatarini katika maelezo haya yote. Mengine ni makaratasi.

Mwaka juzi magoti yalimshinda, akawa hawezi kupanda ngazi tatu za baraza. Mwanawe wa pekee ni fundi wa kuchomelea, yuko Mbeya, pale Uyole. Akamtengenezea chumba cha paneli, zile kuta za bati zenye sponji katikati, kikiwa na mlango mpana na dirisha. Kilikuja vipande vipande juu ya lori lililokuwa linarudi tupu, kikaunganishwa kwa siku moja juu ya mawe, kando ya nyumba kubwa. Shangazi alikisifu kwa kila mpita njia. Alisema ni mara ya kwanza anaona nyumba inasafiri kama bibi harusi kuja kwa mama mkwe.

Wiki ya pili akaja afisa wa mipango miji na vijana wawili na kopo la rangi nyekundu.

"Kamwene," shangazi akamsalimu kwa Kihehe.

"Shikamoo mama. Hiki chumba hakiruhusiwi hapa. Eneo hili limepangwa kwa majengo ya kudumu. Hili si jengo la kudumu."

"Na mimi je, ni wa kudumu?"

Wale vijana walicheka. Afisa hakucheka. X ikachorwa kwenye ukuta wa bati, kubwa, na rangi ikachuruzika mpaka chini. Shangazi alipewa miezi mitatu akiondoe. Hakukiondoa, aliendelea kulala humo, na hakuna aliyerudi kumuuliza.

Mwezi wa tisa mwenyekiti wa mtaa aliniita. Mimi ni mjumbe wa kamati, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, mihtasari yote na matangazo yote huandikwa na mimi. Akaniambia wanakuja wageni kutoka halmashauri, wanapima bonde. Wanapima nini? Hakuuliza, nami sikuuliza. Nikaketi nikaandika tangazo kwa herufi kubwa: kila mwenye kipande cha mfereji akisafishe ifikapo Jumatano, wageni wanakuja Ijumaa. Nikalibandika kwenye mlango wa mashine ya kusaga.

Sijawahi kuona watu wakifanya kazi vile. Magugu yaling'olewa mpaka pale mfereji unapoingia mtoni. Mama mmoja alitandaza nyasi kavu kwenye njia. Shangazi, na magoti yake, alikaa juu ya kigoda akielekeza waliokuwa wakichimba kipande chake, akiwatukana kwa upendo. "Wewe unakwangua au unachimba? Mke wako akiona hivyo atarudi kwao!" Alhamisi kamati ikakaa kikao cha usafi, nami nikaandika kwenye muhtasari kuwa bonde limekauka na mfereji unapitisha maji. Ijumaa bonde lilikuwa kavu kama uwanja wa shule.

Wapimaji walikuwa wanne, pamoja na yule afisa wa X. Alikuwa amevaa raba nyeupe. Alitembea bonde zima, akarudi na raba zake nyeupe vilevile. Shangazi akawaandalia njegere na viazi vya kuchemsha, na wakala.

"Mama, hapa pakavu kabisa," akasema afisa, huku anamenya kiazi. "Mimi nilidhani nitakuta kinamasi."

"Pamekauka kwa ajili yenu, mwanangu. Ungekuja mwezi wa pili ungekuja unaogelea."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kisha akaniomba nakala ya muhtasari wa kikao chetu cha usafi, ili, kama alivyosema, aweke kumbukumbu kuwa wananchi wana ushirikiano. Nikampa. Nilijisikia vizuri kumpa.

Wiki tano baadaye tuliitwa kwenye mkutano wa hadhara. Afisa alisimama na ramani mpya. Rangi ya buluu ilikuwa imetoka kwenye bonde. Mahali pake palikuwa na visanduku vidogo vya njano, vimepangwa safu kwa safu kama meno. Zitakuja nyumba za kisasa, alisema, zinazotengenezwa kiwandani na kuletwa zikiwa tayari. Mwekezaji ameshapatikana.

Mwenyekiti akauliza, na kwa hili nampa haki yake, inakuwaje watu wajenge kwenye mkondo wa maji.

"Hawajengi," afisa akajibu. "Nyumba hizi ni za paneli. Hazina msingi wa kudumu. Kisheria zinahesabika kama za muda, na matumizi ya muda hayaharibu mkondo. Isitoshe, uchunguzi umeonyesha bonde ni kavu, na mfereji unapitisha maji bila tatizo. Wananchi wenyewe wamethibitisha kwa maandishi." Akainua karatasi. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu, nikaujua mwandiko wangu.

Shangazi akainuka kwa kushikilia bega langu.

"Naomba kuuliza, mkubwa. Ile ya kwangu ni ya paneli?"

"Ndiyo, mama."

"Na hizi ni za paneli?"

"Ndiyo, lakini..."

"Yangu iko juu, pakavu, ukaichora X. Hizi ziko chini, majini, umezichora njano. Ukibandua ile rangi yangu nyekundu ukapaka njano, haitafaa?"

Mkutano mzima ulilipuka. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Mpakeni bibi harusi wetu!" Afisa alisubiri kelele zitulie, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mama, yale ni matumizi tofauti." Nimeyageuza maneno hayo kichwani tangu siku hiyo. Sijapata ndani yake hata chembe moja ya maana. Bati ni lilelile na sponji ni ileile. Kilichotofautiana ni mwenye nyumba.

Niliandika barua. Nikaeleza kinyungu ni nini, na kwa nini tulisafisha mfereji, na kwamba bonde lililoandaliwa kwa ajili ya mgeni si bonde la kupimia. Nikaipeleka mwenyewe na kupigiwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio jibu pekee nililowahi kupata.

Mwezi wa kumi na moja malori yakaanza kumwaga kifusi. Njegere za mwisho zilikuwa bado hazijakomaa vizuri. Watu waling'oa walichoweza mbele ya greda, kina mama wameinama na greda linawapigia honi. Mfereji mkuu ulifukiwa, na mahali pake wakaweka kalavati la bomba moja ambalo mbuzi angepita kwa kujikunja. Nyumba za paneli zikaletwa zikapangwa juu ya kifusi, nyeupe, nzuri kwa kweli, na kifusi kilikuwa kimeinuka juu kuliko uzio wa shangazi. Huhitaji kusoma mipango miji kujua maji yangeenda wapi.

Yalikwenda huko mwezi wa kwanza, siku ya tatu ya mvua, saa nne asubuhi. Nilipofika yalikuwa yanapita katikati ya kiwanja bila haraka, ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba maganda ya mahindi. Ukuta wa nyuma wa nyumba kubwa, tofali zilizoshikwa kwa udongo, ulikuwa umeshalainika. Ulilala chini mbele ya macho yetu, polepole, kama mtu anayechoka. Kaburi lilizungukwa. Shangazi alikuwa amekaa ndani ya chumba chake cha paneli, juu ya mawe yake, mkavu, mlango wazi, X ukutani. Alikuwa amewaita kuku wote ndani.

"Mwana wa kaka," akaniambia, "wahesabu. Naona kumi na mmoja, walikuwa kumi na wawili."

Nilihesabu. Walikuwa kumi na mmoja.

Sasa nifike kwenye lile linaloniondolea usingizi. Mwezi mmoja baadaye afisa alirudi, safari hii na mabuti ya mvua, na fomu. Wamepima upya, alisema. Imeonekana kuwa maji yanapita kwenye kiwanja cha shangazi, kwa hiyo, kwa usalama wake, ramani imerekebishwa. Alitukunjulia ramani juu ya meza. Buluu ilikuwa imerudi. Ilikuwa imepita juu ya nyumba kubwa, juu ya jiko, juu ya kaburi. Kiwanja cha marehemu mume wake, kilichohesabiwa hatua thelathini kutoka kwenye matete, sasa ndicho kilichokuwa mkondo wa maji, na bonde lilikuwa makazi. Walihamisha maji, kisha wakahamisha ramani iyafuate, kisha wakaja kumwambia mwanamke wa miaka zaidi ya sabini kwamba yeye ndiye aliyejenga mahali pasiporuhusiwa.

Tena alikuja na zawadi. Kwa kuwa chumba cha paneli si jengo la kudumu, na kwa kuwa eneo sasa ni mkondo, basi kinaruhusiwa. Shangazi anaweza kuendelea kuishi humo kama mkazi wa muda, kwa kibali cha mwaka mmoja mmoja. Kilichotakiwa ni kusaini tu kwamba anakubali kuwa anaishi kwenye hifadhi ya mkondo na kwamba hana madai ya kudumu juu ya ardhi hiyo.

Nakiri nilimshauri asaini. Nilimvuta pembeni nikamwambia, shangazi, saini, utakaa kwa amani, halafu tutapigania mengine. Nilikuwa nimechoka, na niliogopa greda.

Akamgeukia afisa.

"Nisomee tena pale pa muda."

Akasomewa.

"Huyu aliyelala nyuma ya jiko, naye mtampa kibali cha mwaka mmoja mmoja?"

Afisa alipanguza kalamu kwenye suruali, akamsogezea.

"Sisaini, mwanangu. Peleka karatasi yako. Chumba mkitaka kukibomoa, bomoeni. Mtanikuta ndani, na kuku."

Afisa akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemwendea mwenye akili kwenye nyumba ya wakaidi, kwamba fomu haiwezi kurudi ofisini ikiwa tupu. Nikaichukua. Palikuwa na nafasi ya maoni na nafasi ya shahidi. Kwenye maoni nikaandika kwamba mwenye kiwanja amekataa, kwamba anaishi hapa tangu kabla sijazaliwa, na kwamba maji yaliyomfikia yametoka kwenye kifusi cha nyumba zilizoruhusiwa na ofisi hii. Nikaandika pia kuwa bonde lilikaushwa na sisi siku mbili kabla halijapimwa, na kwamba aliyetoa tangazo ni mimi. Kwenye shahidi nikaweka jina langu kamili na saini.

Afisa aliisoma akiwa amesimama. Akauliza kama ndivyo fomu inavyojazwa.

Nikamwambia sijui fomu hujazwaje, ila ndivyo ilivyokuwa.