Shikamoo Niliyoitikia Juu ya Bonga

Najua utacheka. Cheka sasa hivi, umalize, halafu tuongee. Pale shuleni mimi ndiye ninayeigiza sauti za walimu wote, hata ya mkuu wa shule akiwa na mafua, kwa hiyo nikisema kuna kitu kimenitokea, watu wanasubiri sehemu ya kuchekea. Safari hii haipo. Kimenitokea kweli, tena mchana, na kama huniamini muulize Paskali. Au yaulize magoti yangu.

Tulikuwa likizo. Kaka Elibariki, mtoto wa baba mkubwa, anatembeza wageni kwa baiskeli za milimani, zile za gia nyingi na tairi nene za kung'ata mawe. Njia yake ya kila siku ni ya chini: mnatoka Bagara hapa mjini, mnazunguka kando ya ziwa, wageni wanapiga picha viboko, wanarudi wameungua na jua na wamefurahi. Sasa alikuwa amepata njia nyingine, ya juu. Unapanda kutoka kijiji cha Bonga, unapita mashamba ya mahindi, unaingia mgongo wa kilima mpaka mahali ambapo ziwa lote linakuwa chini yako kama sahani ya bati. Alichokosa ni kijana wa kuwatangulia wageni Jumamosi.

"Atakayefika juu bila kushuka kusukuma baiskeli, ndiye huyo," akatuambia mimi na Paskali, rafiki yangu wa dawati moja.

Sasa sikiliza. Mimi darasani sina maajabu. Hesabu zinanikimbia, na mpira nacheza kama mtu anayefukuza kuku. Lakini miguu! Mungu alipokuwa anagawa miguu ya kupiga pedali, mimi nilikuwa mbele kabisa ya foleni. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kujivunia hapa duniani. Kishike hicho akilini, maana ndicho kilichotakiwa.

Tukaondoka baada ya chakula cha mchana. Kwenye mashamba ya juu mnyororo wa Paskali ukakatika, akaanza kunitukana mimi badala ya mnyororo.

"Oya, pumzika mzee wangu," nikamwambia. "Nikirudi nitakuletea blanketi na uji."

"Tangulia na mdomo wako huo! Nitakukuta huko unatapika."

Sikutapika. Nilifika juu bila mguu kugusa chini, naapa. Ila ziwa sikuliona. Ukungu ulishuka ghafla, ukungu wa kwetu unaujua, hauji kidogo kidogo, unakuja kama mtu amekutupia shuka kichwani. Ndege wakanyamaza. Sikuwasikia tena hata mbuzi wa kule bondeni. Nikageuza baiskeli, na moyo, sijui kwa nini, ukaanza kunienda mbio kuliko nilipokuwa napanda.

Ndipo nikamwona. Amesimama katikati ya njia, blanketi begani, fimbo mkononi. Mzee. Lakini mzee kweli, wa wale ambao hata babu yako angewaamkia. Nikabana breki. Nikafungua mdomo nimpe heshima yake, akaniwahi.

"Shikamoo," akasema.

Mzee wa umri ule, kwangu mimi wa kidato cha tatu. Mtu aliyelelewa vizuri angefanya nini? Angecheka kwa aibu aseme, hapana babu, shikamoo wewe. Hata mlevi wa standi anajua hilo. Lakini mimi nilikuwa na hofu, na hofu ikinishika mdomo wangu unatafuta utani kama mbwa anavyotafuta mfupa.

"Marahaba, mjukuu wangu!" nikasema, kwa sauti nzito kabisa. "Hujambo? Shule unakwenda lakini?"

Hakucheka wala hakukasirika. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kwa bei asiyoitegemea.

"Sijambo, babu," akasema. "Naomba lifti."

Ungekataa? Mzee, ukungu ule, na wewe ndiye uliyeanza mchezo? Akapanda kwenye keria, ile niliyoifunga mwenyewe kwa waya, tukaanza kushuka.

Mwanzoni alikuwa mzito, baiskeli inalia. Tukafika kwenye kale kamwinuko kadogo ambako wakati wa kuja nilipita nikipiga mluzi. Mapaja yakakataa. Nikashusha gia mpaka ya mwisho, yakakataa tena. Pumzi ikawa inanitoka kama pampu iliyotoboka. Na hapa ndipo penye kitu kisichoingia akilini: mzigo nyuma yangu ulikuwa unapungua. Niamini. Kila nilivyochoka, yeye alikuwa anakuwa mwepesi.

"Shikamoo," akasema tena nyuma ya shingo yangu.

"Marahaba," nikajibu. Sikufikiri. Wewe huwa unafikiri? Shikamoo ikija, marahaba inatoka yenyewe, tumefundishwa hivyo kabla ya kujua kutembea.

Neno lilipotoka, goti la kushoto likalia kaa! kama kuni kavu. Nikatazama mikono yangu kwenye usukani, mishipa imesimama, ngozi imelegea juu ya vidole. Halafu nikasikia kicheko nyuma. Hakikuwa kicheko cha mzee. Kilikuwa cha kijana aliyebalehe jana, sauti bado inapasuka.

Nikaelewa. Hakuna aliyenieleza, nilielewa tu, kama unavyojua kwamba mtihani umeufeli kabla karatasi haijarudishwa. Nilikubali ukubwa, na ukubwa ule ulikuwa wake. Alikuwa ananikabidhi, na kila marahaba ilikuwa mimi nikipokea kwa mikono miwili.

Nikauma ulimi.

"Shikamoo, babu," akasema nyuma yangu.

Badala ya kuitikia nikaachia breki, baiskeli ikaruka juu ya mawe.

"Shikamoo, mwanangu, mbona huitikii?" Hiyo sasa ilikuwa sauti ya mkuu wa shule, na mafua yake yote. Aliiigiza vizuri kuliko mimi. Kisha, taratibu, kwenye sikio langu kabisa, ikaja sauti ya Neema, mdogo wangu wa darasa la pili, vile anavyonisalimia nikirudi jioni, yale maneno anayavuta: "Shikamooo, kaka."

Mdomo ulifunguka. Ile "ma" ya marahaba ilikuwa tayari kwenye midomo. Nikaikata kwa meno mpaka nikaonja damu, na machozi yakanitoka, mimi, mchekeshaji wa shule nzima.

Ukungu ukakatika, mahindi yakatokea. Nikahisi keria inainuka, hakuna mzigo tena. Na sauti changa ikasema, bila haraka yoyote, "Utaitikia tu. Nani anaweza kuinyamazia shikamoo maisha yake yote?"

Paskali alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba, mikono imejaa grisi.

"Yule dogo uliyembeba ameingia wapi?" akauliza.

"Dogo gani?"

"Si yule mwenye blanketi kubwa kuliko yeye." Halafu akanitazama vizuri, na utani wake wote ukamwisha. "We, una nini usoni?"

Nilifika nyumbani jua linazama, nasukuma baiskeli. Bibi alikuwa jikoni, macho yake hayaoni vizuri, na moshi ulikuwa mwingi. Akasikia hatua zangu na kukohoa kwangu, akainuka kwa adabu kwenye kigoda chake.

"Shikamoo mzee," bibi yangu akaniambia. "Karibu ndani."

Nilisimama mlangoni nimeziba mdomo kwa mkono mpaka alipowasha tochi.

Uso umerudi, karibu wote. Nyuma ya sikio kuna nywele nyeupe. Mwalimu wa zamu alisema nimepaka rangi, akaninyoa, zikaota nyeupe tena. Magoti hayajarudi. Jumamosi ile Paskali ndiye aliyetangulia wageni, na mpaka leo anatangulia yeye. Kaka Elibariki anasema siku hizi huko juu kuna dogo asiyejulikana ni wa nani, anawapita kwenye mwinuko kwa miguu, anakimbia na kucheka, hata hahemi. Wageni wanampenda. Mimi sijamwona, ila pumzi hiyo naijua. Ni yangu.

Neema ameacha kunisalimia. Mama alinigombeza mbele ya majirani: "Mtoto anakuamkia unamtazama tu kama bubu? Hicho kiburi umekitoa wapi?" Ningemjibu nini? Sijui shikamoo ipi ni ya mdogo wangu na ipi ni ya yule.

Kwa hiyo ukipanda njia ile ya juu, salimia wewe kwanza, upesi, kabla hujaona hata sura. Ukiwahiwa na aliyekuzidi umri, ruka uache baiskeli. Na ukikutana nami hapa mjini, mambo, poa, yanatosha. Usinipe shikamoo, hata kwa utani. Kuna siku nitakuwa na usingizi, au nitakuwa nawaza mengine, na nitaitikia.