Jina Kwenye Tenki la Asali

Kezia alimchukia Marselino, na wala tusizungushe maneno. Hakumchukia kama watu wanavyochukiana sokoni asubuhi, jioni wakanywa chai pamoja. Alimchukia kwa bidii, kama mtu anavyolima shamba lake, bila kuruka msimu. Katika miaka hiyo ya chuki alijifunza kazi, akahamia Kibondo, akafungua karakana yake ya kuchomelea nyuma ya stendi, akapata wateja na heshima. Na kila asubuhi alipofungua mlango, kitu cha kwanza kukitazama kilikuwa sumaku nyeusi ya spika mbovu, imenata kwenye jiriwa ya kubania vyuma, imejaa misumari. Sumaku hiyo ilikuwa ya Marselino.

Ngoja nieleze ilimfikiaje.

Baba yake Kezia, Reverien Nduwayezu, alikuwa fundi kijijini Makere. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi na yeye akiwa mgongoni, akakulia hapo, akaoa hapo, akapata uraia akiwa na mvi tayari. Alitengeneza milango, vitanda na matoroli, na watu wakisema kitanda cha Nduwayezu hakipigi kelele, wakacheka wenyewe kwa walichokisema. Basi kikundi cha kanisa kikamwomba awatengenezee tenki la asali. Mabati ya stenlesi yakatoka kwa Marselino, mfanyabiashara wa vyuma wa Kasulu mjini. Aliyaleta mwenyewe kwa pikapu yake, akayagonga kwa vidole na kusema, "Hii ni stenlesi, fundi. Haishiki kutu mpaka wajukuu zako wazeeke." Na hapo hakusema uongo, tumpe haki yake.

Nduwayezu alilichomelea tenki lile kwa upendo. Alipitisha moto mara mbili, mara tatu, polepole, mshono ukawa mnene na laini. Likajazwa asali ya msimu mzima. Asubuhi moja ya Julai, baridi imekaza vidole, vijana wakiwa wanalishusha uwanjani kanisani, likawaponyoka. Lilianguka kutoka kimo cha goti tu, jamani. Likapasuka pembeni mwa mshono, juu hadi chini. Asali ikamwagika kwenye majani, nyuki wakaja, na akina mama wakasimama wameshika vichwa.

Marselino aliitwa. Alipofika aliona macho yote yanatoka kwenye bati na kuja kwake, kwa sababu bati lilikuwa lake. Akatoa sumaku mfukoni, akaibandika kwenye tenki. Ikanata.

"Mnaona wenyewe!" akasema. "Stenlesi halisi hainati sumaku. Mimi nilileta halisi. Huyu Mrundi kaificha, kawawekea bati la kawaida."

"Mzee, bati ni lilelile ulilolileta," Nduwayezu akasema.

"Kwa hiyo mwizi ni mimi?"

Watu walikuwa na masufuria ya stenlesi majumbani ambayo sumaku huteleza juu yake, kwa hiyo waliamini walichokiona. Waliondoka mmoja mmoja. Marselino naye akaondoka, akajifanya ana hasira kiasi kwamba akaisahau sumaku yake kwenye tenki. Kezia, aliyekuwa binti wa miaka ishirini na kitu, aliing'oa akaitia kwenye mfuko wa sketi.

Nduwayezu hakupigwa wala kupelekwa polisi. Walimfanyia kibaya zaidi: waliendelea kumsalimia, ila mikono wakaiacha mfukoni. Kazi zikakatika. Mkewe Theodosia, aliyekuwa anaongoza kwaya, akaambiwa apumzike kidogo, na kidogo hicho kikawa moja kwa moja, akahamia benchi la nyuma karibu na mlango. Mwaka wa tatu Nduwayezu akafa. Daktari alisema presha. Kezia alisema Marselino.

Baada ya mazishi Kezia alikwenda Kigoma mjini, akaomba kazi kwenye karakana moja inayotengeneza vyombo vya maziwa. Huko alimkuta Basile, Mkongomani aliyekuwa anachomelea mapipa ya kiwanda cha bia kabla vita havijamfukuza. Kezia akamwekea mezani kipande cha tenki la baba yake alichotoka nacho Makere, akaibandika sumaku.

Basile akacheka. "Maman, nani alikudanganya? Hii iko stenlesi ya kweli. Iko ya kromu, haina nikeli. Sumaku inaipenda sana. Ile ya masufuria iko na nikeli ndani, njo sumaku inaikataa. Zote mbili haziote kutu."

"Sasa mbona ilivunjika?"

Basile alikikaza kipande kwenye jiriwa, akakivunja karibu na mshono, akamwonyesha. Pale ilipokatika, ndani kulikuwa na punje kubwakubwa, zinameta kama sukari. Alimweleza kwamba chuma hiki kina nguvu na kinakunjika vizuri kikiwa kama kilivyotoka kiwandani. Ukikikalisha kwenye moto mrefu, zile punje za ndani zinavimba, zinakua, na chuma kinaacha kukunjika. Kwa macho ni kilekile, hata ugumu wake unadhani upo. Siku ya baridi ukikiangusha, kinapasuka kama chungu. Dawa yake ni moto mdogo, mshono mfupi, unapumzika kipoe, unaendelea.

Kezia alitoka nje akalia mpaka kamasi zikamchuruzika. Kumbe baba hakuwa mwizi. Baba alikuwa hajui. Alilipitishia tenki lile moto mwingi kwa sababu alitaka liwe imara! Na Marselino, muuza vyuma miaka nenda miaka rudi, alijua fika bati ni lake na kwamba sumaku haithibitishi kitu. Aliona asali imemwagika, akatafuta wa kumbebesha, akamwona Mrundi.

Tangu siku hiyo Kezia hakuwa na haraka. Alijua atampata.

Na akampata, tena bila kumwita. Mwaka huu wafuga nyuki wa Kibondo waliagiza matenki ya asali, na Marselino, ambaye siku hizi ana mafundi wake mwenyewe, akayaleta yamepangwa juu ya lori, yanang'aa. Mwenyekiti wa wafuga nyuki, mzee Ndayikunda, akatoa sumaku. Ikanata. Akajaribu la pili. Ikanata.

"Marselino, hii ni feki."

"Feki wapi! Sumaku inanata hata kwenye stenlesi halisi!"

Wafuga nyuki wakaangua kicheko. "Acha zako, mzee! Wewe ndiye uliyewafundisha watu wa huku sumaku! Kule Makere ulimwumbua mtu kwa hiyo hiyo sumaku, nani hakusikia?" Wakakataa kupokea. Masega yalikuwa yameshakamuliwa, asali iko kwenye ndoo inasubiri, na Marselino anatoka jasho. Mzee Ndayikunda akakata shauri: aitwe fundi Kezia, yeye anazijua stenlesi, atakachosema ndicho.

Nadhani unaiona raha iliyompata. Alikwenda na glavu zake mkononi, akapita kila tenki, akaikagua mishono bila kufungua mdomo. Mishono ilikuwa mipana, myeusi, na bluu imetambaa pembeni kote. Mafundi wa Marselino walikuwa wamefanya kosa lilelile. Kezia alilijua hilo palepale, akalimeza.

"Nipeni muda," akasema. "Nitawajibu wiki ijayo."

Jioni Marselino akamfuata karakanani. Hakumtambua, atamtambuaje mtu ambaye hakuwahi kumtazama?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unajua mwenyewe zile ni halisi. Nisaidie. Waambie ukweli tu."

Hapa Kezia alikwama, maana shetani naye anajua kupanga mambo. Angesema neno moja, feki, na Marselino kwisha habari yake, kuanzia Kibondo hadi Kasulu. Alikuwa ameliota neno hilo usiku mwingi. Lakini neno hilohilo lingemzika baba yake mara ya pili, kwa sababu kama matenki haya ni feki kwa kunata sumaku, basi na lile la Makere lilikuwa feki. Na akisema ni halisi, anamsafisha baba lakini anamwokoa Marselino. Alimtazama mzee yule na tumbo lake na saa yake ya dhahabu.

"Nitasema ukweli," akamwambia. "Wote, bila kupunguza. Ila ukweli huo unaanzia Makere. Jumapili utasimama pale kanisani, mbele ya watu walewale, useme bati lile lilikuwa la nani na sumaku ilimaanisha nini. Usipokwenda, Jumatatu mimi mdomo wangu umefungwa."

"Makere? Yale ya zamani yanakuhusu nini wewe?"

Kezia akaing'oa sumaku kwenye jiriwa, akaiweka kiganjani mwa Marselino. Mzee aliitazama muda, kisha akamtazama Kezia, kwa mara ya kwanza kwa kweli, akaelewa ni binti wa nani.

Jumapili alikwenda. Alivaa suti. Ibada ilipokwisha mchungaji akamruhusu, akasimama mbele, akakohoa, akaanza kuzunguka: unajua biashara ilivyo, unajua siku zile, mimi na yule fundi hatukuwa na ubaya. Mwishoni kikatoka: bati lilikuwa langu. Stenlesi ya kromu hunata sumaku. Nilijua. Yule Mrundi hakuiba kitu.

Ndipo Theodosia akainuka kutoka benchi la nyuma karibu na mlango, mwili mdogo, sauti ileile ya kwaya.

"Ana jina. Litaje."

Marselino akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama mchungaji, akatazama sakafu, kisha akamtazama Kezia, kama mtoto aliyesimamishwa darasani. Hakulijua! Mungu wangu, alimwua mtu bila hata kujua anaitwa nani. Kezia alikuwa nalo jina hilo, alikuwa nalo kwenye damu, na hakumpa. Alikaa akamtazama anavyotoa jasho, na nisiseme uongo, alifurahi.

Aliyelitamka ni kikongwe mmoja upande wa wanawake. "Nduwayezu." Kisha mwanaume, mmoja wa wale walioficha mikono mfukoni: "Reverien Nduwayezu." Wakaendelea, huku na huku, wengine wakilia, mpaka Marselino naye akalirudia kwa kigugumizi. Theodosia akamwambia alirudie vizuri. Akalirudia. Kwaya ilipopanda kuimba wimbo wa kutokea, walisimama wakamwachia Theodosia nafasi yake ya mbele, naye akaenda.

Jumatatu Kibondo watu walijaa karakanani. Marselino alifika mapema, anatabasamu, deni lake la Makere ameshalilipa. Kezia alikata kwa grenda ukanda mwembamba kwenye bati tupu la tenki, akaukaza kwenye jiriwa, akaupiga nyundo. Ukainama. Akaendelea kuupiga mpaka ukalala wote, umejikunja kama kitambaa, bila hata ufa.

"Stenlesi halisi," akasema. "Sumaku isiwadanganye tena."

Watu wakapiga makofi. Marselino akaanza kushikana mikono na mzee Ndayikunda.

"Sijamaliza," Kezia akasema.

Akakata ukanda mwingine, huu unapita kwenye mshono. Akaukaza. Akaupiga mara moja tu. Tak! Kipande kikaruka kikaanguka miguuni mwa Marselino, mahali kilipovunjika pakimeta punje kama sukari.

"Chuma ni kizuri. Matenki hayafai. Yamechomwa moto mwingi, yatapasuka asubuhi yoyote ya baridi, na asali yenu mtawapa nyuki. Lile la Makere lilipasuka hivihivi."

Makelele yalipopungua, Marselino alimsogelea, sura imemshuka.

"Ulijua. Tangu siku ya kwanza ulijua."

"Ego, nilijua," Kezia akamjibu kwa Kirundi cha baba yake.

"Sasa Makere ulinipeleka ya nini?"

"Makere ndiko nilikokuwa na shida na wewe, mzee. Hapa nafanya kazi tu."

Mzee Ndayikunda akauliza kama yanaweza kurekebishika. Kezia akasema yanaweza: kata kingo zote zilizoungua, uchomelee upya kwa moto mdogo. Nani anaweza kuifanya kazi hiyo? Wote waligeuka wakamtazama yeye, na Marselino akamtazama kuliko wote.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "nakuomba."

"Nitayatengeneza. Haya na mengine yote utakayoyauza kuanzia leo, utayaleta kwangu. Na kila moja nitaligongea jina, mbele, mahali pa kuonekana. Ukikataa, lori lako lile pale."

Akakubali. Angefanya nini?

Kezia alianza palepale. Alichukua tindo ndogo na nyundo, akapiga magoti mbele ya tenki la kwanza, akagonga herufi moja baada ya nyingine, bila haraka, kwa nguvu ya kuingia bila kutoboa. Bati likapokea kila pigo. Alipomaliza akafuta vumbi kwa kiganja, akasogea pembeni, akamwashiria Marselino aje.

"Soma."

"Nduwayezu," Marselino akasoma, na safari hii hakuna aliyemsaidia.