Chokaa Iliyomwogesha Mama

Mwezi uliopita nilikuwa mtaa wa Hewa Bora, mwanangu akipaka nyumba yake chokaa. Fundi akamwaga maji kwenye ndoo ya mabonge ya chokaa, yakaanza kutokota bila moto. Wajukuu wakaruka nyuma, mimi nikacheka peke yangu. Hebu nikusimulie.

Nilikuwa mtoto wa shule, Katanga, jimbo letu, ikiwa imejitenga, na mji wetu bado ukiitwa Elisabethville. Jirani yetu, mtu wa jimbo la Kasai, ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Nilimpenda sana. Alitufundisha kwamba joto si lazima liwe na mwali. Alisema tutazame vitu gani vinakutana. Makala hukutana na hewa, chokaa na maji. Siku moja alichanganya asidi ya betri na maji ya majivu, akatushikisha chupa kwa nje, tukapiga kelele. Hata kutu, alisema, hutoa joto, ila polepole mno hata mkono haulisikii.

Kisha watu wakaanza kusema Wakasai waondoke. Nkambo, yaani bibi yangu, mwanamke mkali kama pilipili, akatukataza hata kumwamkia mwalimu.

Mama akajifungua risasi zikilia. Wauza makala hawakuonekana siku tatu, na mbabula yetu, jiko la bati, ilikuwa baridi. Kwetu mzazi asiyeogeshwa kwa maji ya moto huhesabiwa mgonjwa, na mama alikuwa akitetemeka kweli. Nikakumbuka mfuko wa chokaa uliobaki tulipopaka ukuta. Nikachota, nikamwaga maji, nikangoja. Ukatoka uji mweupe, baridi vilevile.

“Masomo inakuharibu kichwa, weye!” Nkambo akafoka.

Sauti ya mwalimu ikaja kutoka ng'ambo ya ua. “Nkambo, ile ya juu ilishakunywa maji ya hewa, imekufa. Tafuta mabonge kule chini ya mufuko.”

Nkambo akauvuta mfuko. Akapiga magoti, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mabonge. Tukaketisha sufuria ya maji yenye kifuniko katikati ya mabonge ndani ya ndoo, tukamwagia mabonge maji pembeni. Ndoo ikanguruma. Baadaye mama alikandwa kwa kitambaa cha moto, akalia kwa raha, nami nikalia pamoja naye.

Siku chache tu zikapita, mwalimu akatoka na mkewe na watoto kwenda kambini walikokimbilia Wakasai wenzake, godoro likiwa juu ya baiskeli. Majirani walifunga milango. Kwetu kichanga hakivuki kizingiti kabla kitovu hakijaanguka, na cha mdogo wangu kilikuwa bado. Mama akatoka naye hivyo hivyo mpaka barabarani, akamwita mwalimu.

“Maître, huyu ni mutoto wako pia.”

Nilingoja Nkambo apige kelele.

Nyumba ile iliingiwa na watu wengine upesi, ua ukang'olewa, na habari za mwalimu hatukuzipata tena mpaka leo. Ninapoumia kwa hilo, namwona Nkambo siku ile: alikwenda moja kwa moja akaishika baiskeli, akaizuia isianguke, ili mwalimu apate mikono yote miwili ya kumpokea mtoto.